Kipimo na Utu

Katika lugha ya Kiswahili neno mizani hubeba maana zaidi ya moja. Mfanyabiashara alitajapo, hukusudia chombo cha kupimia uzito. Mshairi alitajapo, hukusudia hesabu ya silabi katika mshororo. Na shairi lililoanza kwa mizani 16 likileta mshororo wa mizani 15, wasikilizaji huhisi mara moja kwamba limechechemea, hata kama hakuna aliyekuwa akihesabu kwa vidole. Mahakama nayo huchorewa mizani kuwa alama ya haki. Chombo kimoja, basi, kimetumikia soko, sanaa na sheria, na mahali pote patatu kazi yake ni ile ile: kumhakikishia mtu kwamba kile alichoahidiwa ndicho anachopewa.

Tumeanza na neno hili kwa sababu swali tunalokusudia kulichunguza linahusu ahadi hiyo. Je, mtu auzaye, anunuaye, ajengaye au asafirishaye ana wajibu gani kwa wenzake, zaidi ya ule ambao sheria inaweza kumlazimisha autimize? Majibu mawili husikika mara kwa mara. Wapo wasemao kwamba mfanyabiashara akilipa kodi na asipokamatwa na kosa amemaliza wajibu wake, na yaliyobaki ni mambo ya soko. Wapo pia wasemao kwamba wajibu wake kwa jamii ni kutoa misaada: madawati kwa shule, mashuka kwa hospitali, jezi kwa timu ya kata. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanaanzia mahali pasipofaa. La kwanza linaanzia kwa askari. La pili linaanzia kwenye faida iliyokwisha kupatikana, bila kuuliza imepatikanaje. Sisi tunapendekeza tuanzie pale pale mali inapobadilisha mikono, yaani kwenye kipimo.

Kilele cha kibaba

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mizigo mikubwa, kama vile karafuu na pembe za ndovu, ilipimwa kwa frasila, ambayo ilikaribia kilo 16. Baadaye likaja debe, bati lililoingia nchini na mafuta ya taa, kisha likabaki sokoni likipimiwa mahindi na maharage. Vipimo hivi vimeacha alama katika usemi wetu wa kila siku. Tusemapo haba na haba hujaza kibaba, tunatumia chombo cha muuza nafaka kumfundishia kijana subira, ingawa huenda kijana huyo hajapata kukiona kibaba chenyewe.

Sasa, kibaba ni chombo, na chombo chaweza kujazwa kwa namna mbili. Nafaka yaweza kufutwa kwa kiganja ikawa sawa na mdomo wa chombo, au yaweza kuachwa ipande mpaka ifanye kilele. Tofauti ya namna hizi mbili ni konzi moja au mbili tu. Hata hivyo, katika konzi hizo ndimo inamokaa sehemu kubwa ya maadili ya biashara, kwani kilele hicho kimoja chaweza kuwa wema na chaweza kuwa dhuluma.

Tutazame kwanza kilele cha wema. Mama auzaye mchele au dagaa sokoni, akiisha kumpimia mteja wake, huchota kidogo tena na kuongeza juu. Kidogo hicho huitwa nyongeza. Hakuna sheria inayoidai, wala mteja hawezi kwenda mahakamani kwa sababu ameinyimwa. Thamani yake kwa fedha ni ndogo. Lakini kwayo muuzaji anasema mambo mawili bila kutamka neno: kwanza, kwamba kama mkono wake ulikosea katika kupima, basi kosa liwe upande wake, na pili, kwamba yule anayeondoka na kikapu si mteja tu, bali ni mtu ambaye kesho watakutana kisimani, msibani au kwenye harusi.

Tutazame sasa kilele cha pili. Katika biashara ya viazi, vitunguu, kabichi na mkaa lipo neno ambalo karibu kila mkulima wa Tanzania analijua, nalo ni lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha badala ya kushonwa huongezwa kofia ya kamba au ya kipande cha gunia jingine, na mzigo hupandishwa juu ya mdomo mpaka gunia lionekane kama mtu aliyejitwika furushi kichwani. Mzigo huo wote huhesabiwa na kulipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inataka mazao ya shambani yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukipambana na lumbesa kwa miaka mingi. Jirani zetu wa Kenya nao walikabiliana na tatizo hilo hilo, na kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia.

Hasara yake si vigumu kuihesabu, na mwalimu wa hisabati aweza kuiandika ubaoni. Tuseme gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100 lina kilo 130 kwa kweli. Mkulima akiuza magunia 10 ya namna hiyo, amelipwa kilo 1,000 na ametoa kilo 1,300. Kilo 300, ambazo ni magunia matatu kamili, zimeondoka shambani bila malipo. Mbegu alinunua yeye, mbolea alinunua yeye, na palizi alilima yeye na watoto wake. Mzigo huo ufikapo mjini hufunguliwa na kuuzwa kwa kilo, na hapo kila kilo inapata bei yake.

Kwa macho, nyongeza na lumbesa ni kitu kimoja: ni mali iliyopita mdomo wa kipimo. Kwa nini basi ya kwanza tunaisifu na ya pili tunailaani? Jibu haliko katika uzito, kwa maana kilo moja ni kilo moja. Jibu liko katika kujua ni mkono wa nani ulioongeza, na kama mkono huo ulikuwa na uwezo wa kukataa. Nyongeza hutoka kwa mwenye chombo kwenda kwa asiye na chombo. Lumbesa hutoka kwa mtu ambaye viazi vyake vitaoza baada ya siku chache, kwenda kwa mtu mwenye lori ambaye aweza kuwasha injini akaenda kijiji cha pili. Hapa tunapata kanuni yetu ya kwanza: wajibu hukua kadiri nguvu inavyokua. Mwenye lori, mwenye ghala, mwenye mtaji na mwenye habari za bei ana deni kubwa zaidi la uadilifu kuliko yule anayemsubiri kando ya barabara, kwa sababu yeye ndiye awezaye kumdhulumu mwenziwe bila hata kuinua sauti.

Ridhaa ya mwenye shida

Najua mwenye lori hakosi hoja, itasemwa, naye atauliza, "Nimemlazimisha nani? Mkulima mwenyewe alikubali." Hoja hii tusiipuuze. Biashara zote hutegemea ridhaa, na mtu mzima ana haki ya kuuza mali yake kwa bei aitakayo. Tena ni kweli kwamba wapo wakulima ambao hujaza lumbesa wenyewe ili mzigo wao uchukuliwe kabla ya mzigo wa jirani.

Lakini ridhaa ina sharti lake, nalo ni kwamba mtu awe na njia nyingine. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara ipo biashara ya korosho inayoitwa kangomba, ambayo hufanyika nje ya utaratibu wa vyama na maghala. Mnunuzi humfuata mkulima wakati wa dhiki, mara nyingi kabla ya msimu kufunguliwa, akamnunulia korosho kwa bei ya chini sana, na aghalabu kwa bakuli badala ya mizani. Mkulima hukubali, naam. Hukubali kwa sababu karo inadaiwa leo, mgonjwa yuko kitandani leo, na mnada wa korosho utakuja baada ya miezi. Kusema kwamba amekubali ni kweli, kama vile ni kweli kwamba mtu anayezama hukubali kushika kamba yoyote. Anayemrushia kamba hiyo kwa kumdai shamba lake hawezi kujisifu kwamba wamepatana.

Hatusemi kwamba kila anayemnunulia mwenye shida ni dhalimu. Mwenye shida anahitaji mnunuzi kuliko mtu mwingine yeyote, na mnunuzi naye lazima apate faida, la sivyo kesho hatarudi. Tunalosema ni kwamba shida ya mwenzako haiongezi haki yako. Inaongeza wajibu wako. Utamaduni wetu umelijua jambo hili tangu zamani katika mambo ya msiba, ugonjwa na njaa, ambapo jirani hupunguza madai yake badala ya kuyaongeza. Tatizo ni kwamba tumezoea kudhani kwamba ujirani huo unakoma pale fedha inapotajwa.

Maji katika tembo

Kanuni ya pili tunaipata katika methali ya mgema. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida shuleni tunaifundisha methali hii kuwa ni onyo dhidi ya kiburi, na maana hiyo ni sahihi. Lakini tukiisoma kama habari ya biashara, inatufundisha jambo jingine. Mgema alipanda mnazi peke yake, akagema peke yake, na maji aliyatia ambapo hapakuwa na jicho la mtu. Mnywaji hakuwa na mizani wala maabara. Alikuwa na imani. Na sifa zenyewe, yaani imani ya watu, ndizo zilizomfanya mgema aone kwamba aweza kuwadanganya. Wajibu wa mfanyabiashara, basi, huanzia pale jicho la mteja linapoishia. Mambo ambayo mteja anayaona atajilinda mwenyewe. Yale asiyoyaona ameyaweka katika amana ya muuzaji.

Taifa letu lilipata somo chungu la jambo hili katika biashara ya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa yakitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ndiyo yaliyowasha koroboi na kandili katika nyumba za watu wa kipato cha chini. Baadhi ya wafanyabiashara wakaitumia tofauti hiyo ya bei kuchanganya mafuta ya taa katika dizeli na kuuza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli. Tendo hilo likajulikana kwa jina la kuchakachua, na neno lenyewe likaenea haraka mpaka likatumiwa kwa kura, kwa vyeti na kwa kila kitu kilichotiwa uongo. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ikaanza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Mwaka 2011 serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, bei yake ikaribiane na ya dizeli, ili aliyekuwa na tamaa ya kuchanganya asipate faida.

Tuulize: ni nani aliyelipa gharama ya uchakachuaji? Mwenye gari alilipa kwa injini iliyoharibika, na huyo angalau alikuwa mteja. Lakini alilipa pia bibi kijijini ambaye hajapata kumiliki gari, aliyenunua kikombe cha mafuta ya taa kwa bei mpya. Alilipa mwanafunzi aliyekuwa akidurusu kwa mwanga wa koroboi, naye akaizima mapema. Watu hawa hawakuwapo kituoni siku ile dizeli ilipochanganywa. Hawakuuza, hawakununua, hawakushauriwa. Ndiyo maana tunasema kwamba katika kila biashara wapo watu watatu, si wawili: muuzaji, mnunuzi, na asiyekuwapo. Huyu wa tatu hana risiti, hana sauti katika mapatano, na mara nyingi ndiye anayebeba mzigo. Kwa lumbesa asiyekuwapo ni mchukuzi wa sokoni, ambaye mgongo wake hautambui gunia moja la hesabu, bali kilo zote zilizomo.

Mizani huhama mikono

Tumefika mahali ambapo mfanyabiashara mwaminifu ana haki ya kutujibu. Atasema: "Ninyi mnahubiri, lakini mimi nina washindani. Nikikataa lumbesa, mwenzangu atainunua, atauza rahisi kuliko mimi mjini, nami nitafunga duka. Uaminifu wangu utamsaidia nani?" Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika mada yetu. Haitoshi kumjibu kwa kumwambia avumilie. Mtu anayetakiwa kuwa mwema peke yake katikati ya wasiokuwa wema ametwishwa mzigo wa watu wengi.

Historia ya nchi yetu inatuonyesha kwamba wako waliolijibu swali hili kwa vitendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, ambao hawakuwa na imani na mizani za wanunuzi, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kuuzia pamba ili kuhakiki uzito. Hawakungoja wanunuzi watubu, wala hakuna mkulima mmoja aliyejaribu kupambana peke yake. Kutokana na juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vilikua vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika wakati wake. Chanzo kimoja cha nguvu kubwa namna hiyo kilikuwa jambo dogo: mtu wa pili kusimama kando ya mizani na kusoma namba.

Hata hivyo, habari hiyo ina sehemu ya pili ambayo ni lazima tuisimulie pia. Ushirika ulipokua, mizani ilihamia mikononi mwa ushirika wenyewe. Mwaka 1966 tume maalumu iliyoundwa kuchunguza vyama hivyo ilikuta wizi, upendeleo na uongozi mbaya katika baadhi yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yao ikachukuliwa na mamlaka za mazao, ambazo nazo zilijulikana kwa kuchelewa kuwalipa wakulima; na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Mizani ilihama kutoka kwa mnunuzi binafsi hadi kwa ushirika, na kutoka kwa ushirika hadi kwa shirika la umma. Kila ilipohama, aliyeishika alisema kwamba sasa mkulima yuko salama. Usalama huo ulidumu kwa muda ule tu ambao mtu wa pili aliendelea kusimama kando na kusoma namba.

Je, sheria kali haiwezi kutuondolea taabu hii? Mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Sukari, sabuni, nguo na bidhaa nyingine zilizofichwa zilitolewa maghalani na majumbani, na watu wengi walikamatwa. Wananchi waliokuwa wamechoka kupanga foleni walifurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu. Lakini uhaba wa siku zile ulikuwa na mizizi mingine pia: gharama za vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na upungufu wa fedha za kigeni viwandani. Sheria ile maalumu haikudumu. Mwaka 1984 ilifuatwa na sheria nyingine iliyorudisha kesi hizo katika utaratibu wa mahakama. Tunajifunza kwamba sheria yaweza kumnyang'anya mtu mali aliyoificha, na ni lazima iwe na uwezo huo. Haiwezi kusimama kando ya kila kibaba katika kila soko, siku zote.

Kwa hiyo jibu letu kwa mfanyabiashara mwaminifu ni hili. Yeye peke yake hatoshi, na sheria peke yake haitoshi. Uadilifu wake unahitaji watu wa kusimama naye: wenzake wa soko watakaokubaliana kwamba gunia ni gunia, wakulima watakaokataa kwa pamoja kufungasha lumbesa, na wanunuzi wa mjini watakaouliza bei ya kilo badala ya ukubwa wa fungu. Wema wa mtu mmoja ni mbegu. Huota pale tu ambapo wengine wameandaa udongo.

Vipimo vya kila siku

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya wenye maduka tu. Kila mtu mzima katika nchi hii ameshika kipimo cha namna fulani. Fundi wa ujenzi ameshika karai la mchanga na mfuko wa saruji, na uwiano wake hauonekani tena ukuta ukiisha kupigwa lipu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya jiji la Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30, ilhali kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa zile za ziada zilikuwa lumbesa ya zege. Waliokufa hawakuwa wamepatana na yeyote kuhusu idadi ya ghorofa. Walikuwa watu wa tatu wa biashara ile.

Kadhalika katika vyombo vya usafiri. Meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander I ikazama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimejaa kupita kiasi. Wenye dhamana ya vyombo hivyo walikuwa na wajibu wa kwanza, kwa kuwa wao ndio waliokijua kipimo na wao ndio waliokuwa na uwezo wa kuzuia. Lakini tukiwa wakweli tutakiri kwamba desturi ya kusongamana ni ya jamii nzima. Katika daladala kondakta husema bado kuna nafasi, nasi tulio mlangoni tunamsaidia kusema. Abiria anayesukuma ili aingie hukubali kipimo kivunjwe kwa faida yake. Akiisha kuketi, hulalamika kinapovunjwa kwa faida ya mwingine. Hatuwezi kudai uadilifu kwa mwenye chombo huku tukimlaumu kila anapokataa kutupakia.

Mwalimu naye ana kipimo chake, nacho ni kipindi cha dakika 40. Akiingia darasani baada ya dakika 15, amepima kibaba kilichopungua, na wanafunzi hawana mizani ya kumpimia. Mwanafunzi ana kipimo kinachoitwa mtihani. Aliyeiba majibu hudhani kwamba amemdanganya msimamizi, lakini msimamizi haumizwi na lolote. Atakayeumia ni mgonjwa atakayepewa dozi na mganga asiyejua hesabu, au abiria atakayepita juu ya daraja lililopigiwa hesabu na mhandisi wa namna hiyo. Cheti ni lebo. Na lebo isiyolingana na kilichomo ndani ya chupa ni uchakachuaji, hata kama chupa hiyo ni mtu.

Dini zetu kubwa zimelipa jambo hili uzito. Katika Kurani imo sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na katika Biblia, kitabu cha Mithali kinazungumza zaidi ya mara moja juu ya mizani ya uongo. Mila za makabila yetu nazo zilikuwa na viapo na miiko ya kulinda mali iliyowekwa amana. Yawezekana jamii hizi zilitofautiana katika mambo mengi, lakini zote ziliona kwamba kipimo si jambo dogo la sokoni. Ziliona kwamba mtu akizoea kumpunja mwenzake konzi moja, amekwisha kumpunja utu.

Wajibu wa kijamii, basi, haungoji mpaka mtu atajirike. Msaada wa madawati ni jambo jema, nasi hatuwakatazi wenye nacho kuutoa. Lakini madawati 50 yaliyonunuliwa kwa kilo zilizopunjwa kwa wazazi wa watoto hao hao si msaada. Ni kurudisha sehemu ya deni na kuiita zawadi. Kwanza kipimo kiwe sawa; ndipo nyongeza iwe na maana.

Shule zinaweza kufanya kazi kubwa hapa, wala hazihitaji vifaa vingi. Walimu na wanafunzi wanaweza kuchukua kopo la kupimia kutoka soko la jirani, wakatazama kama kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, wakapima kilichomo kwa mizani ya kweli na kulinganisha na bei. Wanaweza kuhesabu lumbesa kama tulivyohesabu hapa. Na somo la hisabati likiisha, lianze la pili. Wanafunzi wakishajibu kwamba zimezidi kilo 30, waulizwe: je, kilo hizo 30 zilikuwa za nani, na ni nani aliyezibeba?